Stima haina moshi nyumbani, lakini huko inakotoka?

Mgonjwa wa pumu akija kliniki, sisi madaktari huwa na maswali yetu ya kawaida. Unapikia nini, makaa, kuni au gesi? Kuna mtu anayevuta sigara nyumbani? Mnaishi karibu na barabara kubwa au kiwanda? Ni nadra mno daktari kuuliza, "Je, stima ya kwenu inatoka wapi?" Swali hilo huonekana kama la wahandisi. Na kwa mkazi wa Nairobi, ambaye stima yake kwa kiasi kikubwa hutokana na mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana, pengine si swali la kumkosesha usingizi.

Lakini ziko nchi ambako swali hilo ni la kiafya hasa, na mojawapo ni jirani yetu wa baharini, kisiwa cha Mauritius. Nimekichagua kisiwa hicho kwa sababu moja. Ni nchi ndogo, ina watu wapatao milioni moja na robo, na mambo yake huonekana waziwazi, kama mgonjwa mwenye ugonjwa mmoja tu ambaye hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumpima akaelewa. Katika nchi kubwa, moshi wa stima huchanganyika na wa magari, viwanda, jaa za takataka na moto wa mashamba hivi kwamba kila mtu humlaumu mwenzake.

Mauritius haina makaa ya mawe yake, haina visima vya mafuta wala gesi. Isitoshe, haina jirani wa kumkopa stima. Kenya ikipungukiwa hununua kutoka Ethiopia au Uganda kwa nyaya. Mauritius imezungukwa na bahari pande zote, na Madagaska iko mbali kilomita mia kadhaa. Kila kinachowasha taa kisiwani humo lazima kizalishwe kisiwani humo, na moshi wake hutokea huko huko.

Kutoka maji hadi makaa ya mawe

Zamani kisiwa hicho kilitegemea maji ya mito yake na injini za mafuta. Mito ni midogo, na mvua ikikosa, maji nayo hukosa. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, serikali ilianza kutafuta njia nyingine. Jibu likapatikana katika miwa, ambayo wakati huo ilikuwa imeenea karibu kila mahali kisiwani.

Msomaji aliyewahi kupita Mumias au Chemelil anajua kwamba muwa ukisha kukamuliwa hubaki makapi. Makapi hayo ni karibu asilimia 30 ya uzito wa miwa iliyoingia kiwandani. Yakichomwa huchemsha maji, mvuke wake huzungusha mtambo, na stima ikapatikana. Hapa kwetu kiwanda cha Mumias kilianza kuuza stima ya namna hiyo mwaka 2009. Mauritius ilitutangulia mbali. Katikati ya miaka ya 1980 kiwanda cha FUEL, kilichoko wilaya ya Flacq mashariki mwa kisiwa, kilikuwa tayari kinauza umeme mwaka mzima, na mwaka 1991 serikali ikazindua mpango wa taifa wa kukuza umeme wa makapi ya miwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi hii, nami nakuomba msomaji unifuate polepole. Miwa huvunwa kuanzia mwezi wa Juni hivi hadi Desemba. Baada ya hapo makapi huisha, ilhali watu wanataka stima Januari kama wanavyoitaka Agosti. Kwa hiyo matanuri yalijengwa yaweze kuchoma vitu viwili: makapi wakati wa mavuno, na makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, mengi kutoka Afrika Kusini, katika miezi iliyosalia. Kituo cha Belle Vue upande wa kaskazini kilianza mwaka 2000, na kile cha La Baraque upande wa kusini mwaka 2007. Mpango ulioanza kwa jina la muwa ukawa umefungulia makaa ya mawe mlango.

Kufikia miaka ya 2010, makaa ya mawe yalikuwa yanatoa karibu sehemu nne kati ya kumi za stima yote ya Mauritius. Mafuta mazito, yale meusi mazito yanayofanana na lami, yalikuwa na fungu linalokaribia hilo, yakichomwa katika injini kubwa za vituo kama Fort George na St Louis huko Port Louis, jiji kuu. Kilichobaki, kiasi cha moja ya tano, kilitoka kwa makapi, maji, na baadaye jua na upepo kidogo.

Takwimu zimeendaje tangu hapo? Wengi watadhani kwamba katika zama hizi za mitambo ya jua ya bei nafuu, mafuta na makaa lazima yamepungua. La. Mwaka 2020, ambapo hoteli zilifungwa kwa sababu ya korona na matumizi ya stima yakashuka, fungu la kawi isiyotokana na mafuta wala makaa ya mawe lilikaribia robo. Mwaka 2023 lilikuwa limeshuka hadi chini ya asilimia 18. Yaani zaidi ya vipande vinane kati ya kila kumi vya stima vilitoka kwa mafuta na makaa. Na hayo yalitukia baada ya serikali, mwaka 2021, kuahidi kwamba kufikia mwaka 2030 asilimia 60 ya stima ingekuwa safi na makaa ya mawe yangeachwa kabisa. Mshale ulielekea kinyume cha ahadi.

Sababu kubwa haikuwa ukaidi wa mtu. Miwa yenyewe ilipungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mashamba ya miwa yalifikia hektari 80,000 hivi. Leo ni karibu nusu ya hapo. Jumuiya ya Ulaya, iliyokuwa ikinunua sukari ya Mauritius kwa bei nzuri, iliamua kupunguza bei hiyo kwa asilimia 36 kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2017 ikaondoa mgao wa uzalishaji wa sukari kwake, bei zikazidi kubanwa. Wakulima wadogo wakaacha, mashamba mengine yakageuka nyumba za kifahari na viwanja vya gofu. Muwa ukipungua shambani, makaa huongezeka tanurini, maana viyoyozi, maduka makubwa na hoteli havingoji. Wakati wa joto kali, Januari na Februari, kisiwa hutaka zaidi ya megawati 500 kwa mkupuo mmoja. Mtambo wa jua wa Bambous, uliofunguliwa mwaka 2014, ni wa megawati 15, na ule wa upepo wa Plaine des Roches, uliofunguliwa mwaka 2016, haufiki hata 10. Mingine ya jua imeongezwa baadaye, lakini jua huzama jioni, saa ambayo kila nyumba inawasha taa na televisheni.

Moshi unafanya nini mwilini

Sasa tuingie katika uwanja wangu.

Mtu akiona moshi mweusi huogopa masizi yanayochafua nguo alizozianika. Kwa kweli hayo makubwa si adui mkuu. Pua na makamasi huyazuia mengi, nawe utayapenga au kuyakohoa. Kinachotusumbua ni chembe zisizoonekana kwa macho, zenye upana wa maikromita mbili na nusu au chini ya hapo. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko chembe hiyo kiasi cha mara 30. Chembe ndogo namna hii huteremka pamoja na hewa hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu, pale ambapo oksijeni huingia katika damu. Huko hakuna makamasi wala vinyweleo vya kufagia. Askari wa mwili hujaribu kuzimeza, nazo huleta uvimbe na joto la ndani kwa ndani ambalo mwenyewe halihisi. Chembe nyingine ndogo zaidi hupenya na kuingia katika damu yenyewe.

Ndiyo maana hewa chafu haiui kwa kikohozi peke yake. Watu wengi hushangaa ninapowaambia kwamba idadi kubwa ya vifo vinavyohusishwa na moshi ni vya moyo na kiharusi. Uvimbe ule huifanya damu iwe nyepesi kuganda na mishipa kuwa migumu. Mtu mwenye mshipa wa moyo ulioziba nusu tayari, siku ya moshi mwingi, huenda akapata kile kidogo kilichokuwa kimesalia.

Makaa ya mawe na mafuta mazito yana salfa. Ikiungua hutoa gesi ya salfa dioksaidi, ile yenye harufu ya njiti ya kiberiti. Mwenye pumu akiivuta, mirija yake hubana katika dakika chache tu. Asiye na pumu anaweza asihisi lolote. Lakini gesi hiyo haiishii karibu na dohani. Ikisafiri na upepo kwa saa na siku, hugeuka kuwa chembe ndogo zile zile nilizozieleza, na kumfikia mtu aliye mbali ambaye hajawahi kukiona kituo cha stima. Kwa hiyo dohani ndefu haiondoi moshi, huupeleka kwa watu wengine tu.

Je, tunajuaje kwamba ni moshi wala si umaskini, sigara au chakula? Swali zuri, na liliwasumbua watafiti miaka mingi. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani kwa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuondoa athari za sigara na mengineyo, waliona kwamba hatari ya kufa katika mji uliokuwa na hewa chafu zaidi ilizidi ile ya mji safi zaidi kwa asilimia 26.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa bonde la Utah, huko huko Marekani. Kiwanda kikubwa cha chuma kilifungwa Agosti 1986 kwa sababu ya mzozo wa wafanyakazi, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Hakuna daktari aliyepanga jaribio hilo, lilijipanga lenyewe. Mtafiti Arden Pope alipotazama rekodi za hospitali, aliona kwamba katika majira ya baridi ambapo kiwanda kilikuwa kinafanya kazi, watoto waliolazwa kwa maradhi ya kifua walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale waliolazwa kikiwa kimefungwa. Watoto wale wale, mitaa ile ile, baridi ile ile.

Kuhusu vituo vya stima vya makaa ya mawe hasa, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science. Uliangalia wazee wa Marekani wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ukakadiria kwamba kati ya mwaka 1999 na 2020 moshi wa vituo hivyo ulichangia vifo 460,000. Tena chembe zinazotokana na makaa ya mawe zilikuwa na hatari maradufu ikilinganishwa na chembe za kawaida. Lakini kuna upande wa kutia moyo. Mwanzoni mwa kipindi hicho vifo vilizidi 43,000 kila mwaka. Kufikia mwaka 2020 vilikuwa vimeshuka hadi karibu 1,600, kwa sababu vituo vingi vilifungwa na vingine vikawekewa mitambo ya kuosha moshi. Dawa chache nilizowahi kuandika zimefanya kazi namna hiyo.

Rafiki wa muwa

Hapa nina neno ambalo watetezi wa kawi safi hawalipendi. Makapi ya miwa huhesabiwa kuwa kawi safi, na kwa hesabu ya hali ya anga ni kweli, kwa kuwa muwa unaoota tena hufyonza kaboni ile iliyotoka. Hayana salfa nyingi kama makaa ya mawe wala hayaleti zebaki. Lakini mapafu hayasomi hesabu za hali ya anga. Makapi yakichomwa hutoa majivu na chembe ndogo, na yakiwa na unyevu mwingi huungua vibaya na kutoa zaidi. Kituo kilicho na vichujio vizuri vya umeme hunasa vumbi karibu lote kwa uzito, ila zile ndogo kabisa ndizo zinazoponyoka kwa wingi zaidi, na gesi hupita bila kuulizwa. Kwa hiyo mtu wa Mauritius akiniambia kwamba moshi wa msimu wa mavuno ni salama kwa sababu ni wa muwa, nitamuuliza kwanza kichujio kikoje.

Tusije tukatia chumvi. Hewa ya Mauritius kwa jumla si kama ya Delhi. Pepo za kusini mashariki huvuma sehemu kubwa ya mwaka na kupeleka moshi mwingi baharini, na nyumba nyingi hupikia gesi wala si kuni. Sasa mbona nishughulike?

Kwanza, Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake mwaka 2021, likasema wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, nusu ya kile kilichowekwa mwaka 2005. Lilifanya hivyo kwa sababu hakuna kiwango kilichopatikana ambacho chini yake mwili haudhuriki hata kidogo. Pili, wastani wa nchi haumsaidii anayeishi kando ya kituo.

Na tatu, ambalo kwangu ndilo zito, ni hali ya miili ya Wamauritius wenyewe. Kisiwa hicho kinajulikana na madaktari wa ulimwengu mzima kwa ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1987 uchunguzi wa taifa ulionyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kila wanane alikuwa nao. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha karibu mmoja kati ya watano. Kisukari huharibu mishipa ya damu taratibu, na mtu wa namna hiyo moshi humpiga vikali kuliko mwenzake mwenye afya. Halafu kisukari huharibu figo, na figo zikifa mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mashine hiyo hutumia stima. Ikikatika katikati ya kazi, damu ya mgonjwa iko nje ya mwili wake. Kwa hiyo mgonjwa yule yule anayedhuriwa na dohani ndiye asiyeweza kuishi siku kumi bila kile kinachotoka humo.

Ndiyo maana siwezi kujiunga na wale wanaosema vituo vyote vya makaa vifungwe kesho asubuhi. Ukosefu wa stima nao ni ugonjwa. Chanjo huharibika, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hukosa joto, na mama hurudi kwenye jiko la kuni, ambalo moshi wake ndani ya nyumba huua watu wapatao milioni tatu duniani kila mwaka. La kuuliza ni nani hupewa nafasi ya kusema kabla dohani mpya haijasimamishwa, na je, kile kinachotoka humo hupimwa na kutangazwa?

Wamauritius waliuliza. Kampuni moja ilitaka kujenga kituo kingine cha makaa ya mawe, cha megawati zipatazo 100, huko Pointe-aux-Caves karibu na Albion, pwani ya magharibi. Wakazi walipinga wakitaja moshi, majivu na bahari. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mwanaharakati mmoja aligoma kula kwa siku nyingi akidai hati za mradi zitolewe hadharani. Mwaka huo serikali ikaunda tume ya taifa ya kawi, na kituo hicho hakikujengwa kamwe. Kuhusu majivu, wakazi walikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi: majivu ya makaa ya mawe huwa na aseniki, risasi na madini mengine mazito ambayo hayaungui, na yakitupwa ovyo mvua huyapeleka kwenye maji ya kunywa.

Nchi ndogo ikiamua jambo, matokeo huonekana haraka. Mwaka 1987 huo huo, serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yanayouzwa kwa wananchi, kutoka yale ya mawese kwa sehemu kubwa hadi ya soya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa kolesteroli katika damu za watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7, bila kidonge kimoja. Sisi tunaofundishwa udaktari husimuliwa kisa hicho kama miujiza.

Nasi je?

Humu nchini, kama nilivyosema, karibu sehemu tisa kati ya kumi za stima hazitoki kwa mafuta wala makaa. Hilo ni jambo la kushukuru, na mara nyingi tunalisahau tunapolalamikia bili. Hata hivyo mkazi wa Changamwe anavijua vituo vya Kipevu, ambavyo injini zake huchoma mafuta mazito ya aina ile ile ya Fort George. Na mkazi wa Lamu anakumbuka kwamba kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, mara kumi ya kile kilichokataliwa Albion, kilikuwa kijengwe Kwasasi, hadi jopo la mahakama ya mazingira lilipofuta leseni yake Juni 26, 2019, likisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kama unaishi karibu na kituo cha aina hiyo na una pumu, usiache dawa ya kuzuia ati kwa sababu unajisikia vizuri wiki hii. Inhela ya kutuliza isiwe mbali nawe siku ambazo upepo unaelekea kwako. Ukiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, hiyo ni ishara kwamba pumu yako haijadhibitiwa, hivyo rudi kwa daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye mazoezi ya kukimbia nje wakati moshi unaonekana. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii chembe ndogo hizi, na barakoa za kawaida za dukani hazizuii sana.

Lakini kwa wasomaji wengi wa mjini, kituo cha stima cha mafuta kilicho karibu zaidi si Kipevu. Ni jenereta iliyoko kwenye ujia wa duka, kwenye veranda ya kinyozi, au nyuma ya ploti. Stima ikipotea huwashwa zote kwa pamoja. Hiyo haina dohani, haina kichujio, na hutoa moshi wake usawa wa pua yako. Tena, pamoja na chembe, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi hiyo hiyo.

Jenereta iwekwe nje kabisa, angalau mita sita kutoka mlango au dirisha lolote, na moshi wake uelekezwe mbali na watu. Isiwashwe ndani ya nyumba, stoo au gereji hata kama madirisha yako wazi, na hata kama mvua inanyesha. Na watu wawili au zaidi wakianza kuumwa na kichwa, kusikia kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja huku jenereta ikinguruma, msitafute dawa za maumivu wala kulaumu chakula cha jioni. Tokeni nje nyote kwanza, mtoto na aliyelala wabebwe, kisha mtafute hospitali hata kama kichwa kimepoa.